Usichune

Nilimnunua kwa malipo ya pili ya korosho,
ndiyo maana nikamwita Malipo,
na Naipanga nzima ikacheka:
Mmwera na ng'ombe wapi na wapi,
sisi watu wa jembe na bomba la salfa.

Jumanne alfajiri nikamkuta amelala ubavu,
miguu imekakamaa kidogo tu, nusu nusu,
tumbo limeumuka kabla umande haujakauka.
Jana alikunywa maji.
Jana alinichapa mkia usoni.
Puani damu, nyeusi, nyepesi,
damu iliyokataa kuganda.

Habari ya nyama haihitaji mpiga mbiu.
Jua halijapanda, uani wamejaa:
Chilumba na shoka,
Bi Somoe na sufuria mbili, moja ndani ya nyingine,
watoto na majani ya mgomba.
"Hajaoza huyo, tumuwahi."
Ulikuwa mwezi wa pili, maghala yanapiga mwangwi.
Nami, nisiwadanganye,
nilishapiga hesabu: kilo mia na ishirini,
kila kilo elfu nane.
Kisu kilikuwa mkononi mwangu.

Akapita Luhende, njia ya kisimani.
Luhende yule niliyempeleka kwa mtendaji
ng'ombe wake walipolala kwenye ufuta wangu.
Hakusalimia.
Akatazama pua. Akatazama mchanga chini ya pua.
Akavua kofia kama aliyefika msibani.

"Usichune.
Kule Maswa baba alichuna mmoja wa namna hii.
Tulizika ng'ombe kumi na mmoja,
kisha tukamzika baba."

Bi Fidea wa mifugo alikuja na pikipiki,
glavu mpaka kwenye viwiko.
Akakata ncha ya sikio, ndogo kama ukucha,
akapaka damu kwenye kioo, akakifunga,
wala hakungoja majibu ya maabara kutuambia:
"Ukimpasua umefungua gunia la mbegu.
Mbegu ya kimeta haingoji mvua.
Hulala udongoni, wewe unazeeka, wanao wanazeeka,
yenyewe inangoja pua ya ng'ombe ishuke kwenye majani."

Tukachimba.
Luhende chini, mimi juu, halafu mimi chini,
mpaka nikinyoosha mkono sishiki ukingo.
Tukaziba pua na kinyeo kwa matambara,
tukamshusha na ngozi yake yote,
na udongo alioulalia, na majani aliyoyalowesha,
tukammwagia chokaa akawa mweupe kama bibi harusi.
Juu, miiba.

Usiku nikakaa na tochi.
Saa nane nikasikia jembe likigusa jiwe.
Bi Somoe.
Hakukimbia. Alisema, "Watoto wamelala na maji."
Sikuwa na neno la kitaalamu la kumjibu.
Nilimpa pishi ya mbaazi, ya mwisho,
akaiweka kwenye ile sufuria ya ndani
akaondoka bila kushukuru, na alikuwa na haki.

Siku ya tatu chanjo ikafika ndani ya barafu.
Mitamba yangu miwili ilipanga foleni
na ng'ombe sitini na wawili wa Luhende,
uchochoro mmoja wa magogo, sindano, kelele, mavi,
na mnada ukafungwa, na maziwa yakamwagwa,
na kila mtu akapata wa kumlaumu.

Chilumba alikuwa ameigusa ile damu
kwa kidole, aone kama imeganda.
Kifundoni kikamtoka kidonda
cheusi kama kaa la moto lililozimwa, kisichouma.
"Kisichouma si ugonjwa," akasema.
Mkewe akambeba kwa maneno hadi hospitali.
Alimeza vidonge, akapona, kovu lipo,
hulionyesha kwenye kahawa kama cheti.

Sasa watoto wakimwona hata panya aliyekufa
hupiga kelele: "Usichune!"
na wanacheka, na wanarudi nyuma.

Pale alipolala Malipo majani yanataka kuwa mabichi
kuliko kwingine kote.
Kila masika naongeza miiba.
Nina ekari nne za mikorosho, mbili za ufuta,
na kipande kile, hatua tano kwa nne,
shamba langu pekee
ninalolitunza ili lisilishe mtu.